Keki ya biskuti ni nini?

Keki ya biskuti ni biskuti moja kubwa, laini katikati na yenye ukingo mgumu kidogo, inayookwa ndani ya bati la keki, ikapambwa na kukatwa vipande vya pembetatu. Kwa kawaida ndani yake huwa na vipande vya chokoleti. Umbo ni la keki, lakini tabia yote ni ya biskuti. Ukilishika hilo, mengine yote yananyooka: vipimo, moto, na hata wakati wa kuiepua.

Asili yake ni Marekani. Biskuti za vipande vya chokoleti zilianza miaka ya 1930 kwa mkono wa Ruth Wakefield, aliyekuwa akiendesha mkahawa wa Toll House mjini Whitman, Massachusetts. Miongo kadhaa baadaye maduka ya biskuti ya huko yakaanza kuoka biskuti hiyo hiyo kwa ukubwa wa sinia, na kuandika jina la mwenye siku ya kuzaliwa juu yake kwa aisingi. Sasa Nakuru na Kisumu, ambako tumezoea kuagiza keki kwa kilo, wapo wanaoiulizia, na wapo wanaotaka kuioka wenyewe nyumbani.

Tofauti inaanzia kwenye bakuli. Keki ni rojo: ina mayai kadhaa, maziwa au maji, na inasimama kwa sababu ya mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya unga. Biskuti haina maziwa. Ni donge zito linaloshikika mkononi, na kinacholiunda zaidi ni siagi na sukari. Vitu hivyo viwili vikipata moto huyeyuka, vikipoa hushikana tena. Ndiyo maana biskuti yoyote ikitoka ovenini ni laini mno, kisha inakazana ikiwa imekaa mezani.

Hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Aliyezoea keki huchoma kijiti katikati, na kikitoka na unyevu hurudisha bati ndani. Kwa keki ni sawa. Kwa biskuti, kijiti kikitoka kikavu tayari umechelewa, na ikipoa itakuwa ngumu hadi kisu kigome. Angalia ukingo badala ya kijiti: uwe umegeuka rangi ya kahawia ya dhahabu na umeanza kuachana na bati. Uso uwe umepoteza ule mng'ao wa mafuta. Ukitikisa bati kidogo, katikati pacheze kidogo tu, pasitiririke, kwa maana unga na yai vibichi si vya kuliwa. Epua wakati huo, uiache ndani ya bati lake saa nzima au zaidi. Joto la bati ndilo linalomalizia kazi ya katikati. Subira hiyo ya saa moja naiona muhimu kuliko kiungo chochote.

Kwa bati la sentimita 25, vipimo hivi vinatosha: siagi gramu 170, sukari gramu 200, yai moja zima na kiini kimoja, unga wa ngano gramu 250, nusu kijiko cha chai cha beking soda, chumvi kidogo, vanila, na chokoleti gramu 150 hadi 200. Piga siagi na sukari hadi zilainike na kupauka, tia yai na kiini, halafu unga uliochanganywa na soda na chumvi. Unga ukishaingia usikoroge sana, koroga hadi usiuone tu. Chokoleti ya kawaida ya dukani iliyokatwakatwa kwa kisu inafaa, na karanga zilizokaangwa zikaondolewa maganda zinaipendeza sana. Tandaza donge unene wa sentimita moja na nusu hivi na uoke kwa nyuzi 175 kwa dakika 20 hadi 25.

Sukari inahitaji maneno zaidi. Mapishi ya Marekani hutaka sukari ya kahawia iliyo laini na yenye unyevu, ambayo bado ina molasi, ile shira nyeusi ya miwa. Molasi ina asidi kidogo, na asidi hiyo ndiyo inayoamsha beking soda. Sukari ya kahawia tunayonunua kwa kilo, ile ya viwanda vya miwa vya magharibi mwa Kenya, ni kitu kingine: chembe zake ni kubwa na kavu, haziyeyuki upesi ndani ya siagi, na biskuti inabaki na mchanga mchanga mdomoni. Isage kwanza kwenye blenda. Kisha badilisha sehemu yake, robo hivi, kwa sukari nguru iliyoparuzwa. Hiyo ina molasi yake yote, na inaleta rangi na harufu ambayo sukari ya pakiti haiwezi kuleta. Magharibi tunaipata sokoni bila shida, na nadhani ndiyo inayoifanya biskuti hii iwe yetu.

Majarini inaweza kushika nafasi ya siagi, ila soma mkebe kwanza. Ile ya kupaka mkate iliyopunguzwa mafuta ina maji mengi, na maji hayo yatakuletea keki mbaya badala ya biskuti.

Mahali ulipo pia pana neno. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, gesi ya soda inatanuka zaidi na maji yanakauka haraka. Biskuti inafura upesi, kisha katikati panadidimia. Nakuru punguza sukari kijiko kimoja cha mezani na uongeze unga kijiko kimoja. Kisumu tatizo ni joto: siagi inalegea kabla hujamaliza kukoroga, kwa hiyo weka donge kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka.

Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria kubwa yenye mchanga chini, bati juu ya mchanga, mfuniko wa chuma na makaa juu yake, huoka vizuri, mradi makaa mengi yawe juu na machache chini. Ukikosea hapo, kitako kinaungua na uso unabaki mweupe.

Aisingi ipakwe ikiwa imepoa kabisa, la sivyo itayeyuka na jina litapotea. Mimi hupendelea mstari mmoja tu kuzunguka ukingo na jina katikati, kwani biskuti yenyewe ina utamu wa kutosha. Kwa safari inaishinda keki ya krimu kwa mbali: ukiifunga ndani ya boksi, inatoka Nakuru kwa matatu, inapita Kericho na kufika Kisumu ikiwa nzima. Ndani ya chombo kilichofunikwa hukaa siku tatu bila kuharibika, nje ya friji, kwa kuwa kwenye friji siagi inaganda na kuifanya ngumu.