Kompyuta ndogo ya gemu ikichemka, hitisinki kubwa si dawa ya kila kitu

Mwambie fundi yeyote Tanga mjini kwamba kompyuta yako ndogo ya mezani inachemka, jibu liko tayari: weka hitisinki kubwa, yaani kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) kuitoa joto. Mara nyingi ni hela ya bure. Hitisinki ya feni haiwezi kushusha joto chini ya lile la hewa inayovuta. Februari chumba kina nyuzi 31, na ndani ya kasha kadi ya picha imeshaipasha hewa hadi 45; utapoza nini hapo?

Pima kwanza. Cheza dakika 20 kasha likiwa limefungwa, kisha ondoa ubavu na ucheze tena gemu lilelile. Prosesa ikishuka nyuzi kama 8 hivi, kinachokosekana ni hewa. Zungushia feni ya hitisinki ukanda wa sponji unaogusa matundu ya ubavuni, ivute hewa ya nje peke yake. Ukiacha pengo, itaendelea kuvuta ileile ya moto. Chujio la vumbi la matundu hayo lioshe kila mwezi. Vumbi na unyevu wa pwani hugandamana kama ugali uliolala.

Isiposhuka, fungua hitisinki. Pesti, ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, imekauka? Au nailoni ya kiwandani bado imebandikwa chini yake? (Hutokea, tena sana.) Futa kwa spiriti, weka pesti tone la ukubwa wa punje ya choroko, kaza skrubu kimshazari.

Kabla ya kununua hitisinki kubwa, ingia bayosi (menyu ya mipangilio kompyuta inapowaka): prosesa ya Ryzen 7 5800X hula hadi wati 142, lakini ukiwasha Eco, hali ya kubana umeme, ile inayoitwa ya wati 65, kikomo chake halisi ni wati 88, na kwenye gemu hasara ni ndogo.