Mstaafu wa jeshi atibiwe serikalini au mtaani? Usihesabu vifo tu

Kazi yangu mie ni takwimu za hospitali, kwa hivo nikikaa baraza lolote lazma nitaulizwa, ati serikalini na praiveti wapi bora. Huwa nawapeleka Marekani kwanza, kwa sababu kule suali hili limepimwa kwa wanajeshi wastaafu na limepimwa kwa akili.

Wao wana mtandao mzima wa hospitali za serikali kwa ajili ya wastaafu wa jeshi, unaitwa VA, walojiandikisha ni kama milioni 9. Mwaka 2014 ikazuka kashfa kule Phoenix, foleni za kumuona daktari zinafichwa, majina yanawekwa kwenye orodha ya pembeni ili ionekane watu hawasubiri, kelele zikapigwa mpaka waziri akajiuzulu. Ndo zikaja sheria za kuwaruhusu wakatibiwe nje ya VA. Kwa vipimo vya hii ya 2018, MISSION, mstaafu akiwa yuko zaidi ya dakika 30 kwa gari kumfikia daktari wa kawaida, au akisubiri zaidi ya siku 20, basi aende hospitali ya mtaani isiyo ya VA, serikali italipa. Kwa bingwa ni dakika 60 na siku 28. Mtu wa Micheweni, kule kaskazini ya Pemba, akisikia dakika 30 atacheka, lakini ndo vipimo vyao.

Sasa wakitoka wanatibiwa vizuri zaidi? Hapa ndo pana mtego. Ukihesabu walokufa huku na walokufa kule ukalinganisha ushapotea, kwa sababu wanaokwenda huku si sawa na wanaokwenda kule, VA ina wazee wengi, wenye maradhi matatu manne kwa pamoja, wenye majeraha ya vita ya mwili na ya akili. Ni yale yale ya Mnazi Mmoja, hospitali yetu kuu ya rufaa Zanzibar, mahututi wengi wa Unguja na Pemba rufaa zao zinaishia pale, sasa klinki inayopima presha na kutibu mafua itakosaje kuwa na vifo vichache, na hata akizidiwa mtu kwao wanamuandikia rufaa akahesabiwe kwa wenziwao!

Kina David Chan wa Stanford na David Card wa Berkeley (huyu Card ndo yule wa Nobel ya uchumi 2021) wakaja na ujanja naupenda mno: gari ya wagonjwa. Mstaafu wa miaka 65 kwenda juu ana haki ya VA na ana Medicare, bima ya wazee, kwa hivo siku ya dharura anaweza kupelekwa popote. Gari ipi itamfikia ni kama kura, na kampuni nyengine zina mazoea ya kupeleka VA, nyengine hazina. Wakafatilia nani kafariki ndani ya siku 28. Walopelekwa VA vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 46, na matumizi chini kwa asilimia 21. Nliisoma tena na tena ile jedwali. Lakini tusivuke mpaka, hawa ni wazee, tena wa dharura, haikusema chochote kuhusu goti au jino.

Kwa nini iwe hivo? Mie nashikilia kuwa ni faili. VA walitangulia mapema kuweka rekodi kwenye kompyuta, daktari wa zamu anaona dawa zote za mgonjwa hata kama hana fahamu. Wazee wetu walopigana Vita vya Kagera, 1978 na 79, wengi saa hizi ni presha na sukari, na mtu akiniuliza baba nimpeleke wapi mie namuuliza kwanza dawa zake zimeandikwa wapi, manake mara nyingi zimo kwenye mfuko wa plastiki chini ya mto.

Na sie Zanzibar sasa tuna ZHSF, mfuko wa huduma za afya, mwanachama anatibiwa serikalini na hata binafsi, kwa hivo suali hili litatujia tu. Nnachokitaka si idadi ya vifo kwa kila hospitali. Nataka kila anaelazwa iandikwe alifika kwa hali gani, katokea wapi, na baada ya mwezi yuhai au la, hata kama alihamishwa njiani.