Haki za binadamu si adui wa usalama

Kenya inaposhambuliwa na magaidi, kauli ileile hurudi: tukitaka usalama, tuweke haki za binadamu kando kwanza. Katiba ya 2010 inasema kinyume. Kifungu cha 238 kinataka usalama wa taifa ulindwe kwa kuheshimu kikamilifu utawala wa sheria, demokrasia na haki hizohizo. Baadhi ya haki zaweza kuwekewa mipaka kisheria, ndiyo, lakini kumtesa mtu, hata mshukiwa wa ugaidi, ni marufuku kabisa.

Aprili 2014, msako wa Usalama Watch ulizoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Wengine walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Hata hivyo, mwaka uliofuata, Aprili 2, Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Polisi hutegemea taarifa za raia, na mama ambaye mwanawe alibebwa usiku bila kosa hana hamu ya kupiga simu kituoni.

Mahakama Kuu nayo, Februari 2015, ilifuta vipengele vinane vya sheria ya usalama ya 2014 kwa kukiuka Katiba. Vilivyosalia viliendelea kutumika, na polisi hawakubaki mikono mitupu.