Mwili wa Baba Nao Hubadilika Anapolea

Mwezi Julai, asubuhi ambazo maji ya bomba hapa Mbeya huuma vidole, kazi kubwa katika wodi ya watoto njiti ni joto. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo huvalishwa kofia, soksi na nepi tu, akalazwa kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi, na kufungwa kwa kitenge. Mama akiwa bado hajaamka vizuri baada ya upasuaji, kifua kinachobaki ni cha baba. "Baba, vua sweta, na shati pia," muuguzi humwambia, naye kwanza hugeuka kutazama mlangoni, asije akaonekana na mtu wa mtaani kwake.

Aibu hiyo inaeleweka, kwa kuwa wengi tumelelewa tukiamini kwamba maumbile yamempa mama peke yake kazi ya kulea. Kwa mamalia wengi ndivyo ilivyo: spishi ambazo dume hushiriki kulea hazifiki moja kati ya kumi, na hata sokwe, jamaa yetu wa karibu kuliko wanyama wote, dume hana desturi ya kumbeba wala kumlisha mwanawe. Binadamu alifuata njia nyingine kwa sababu mtoto wake ni mzigo mzito. Huzaliwa na ubongo usiofikia theluthi moja ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na huendelea kulishwa na wengine miaka mingi baada ya kuachishwa ziwa. Isitoshe, katika jamii za wawindaji na wakusanyaji mama huzaa tena baada ya miaka mitatu au minne hivi, wakati sokwe husubiri mitano au zaidi, kwa hiyo mama wa kibinadamu huwa na watoto wawili au watatu wanaomtegemea kwa wakati mmoja. Bila wasaidizi asingeweza. Msaada wa bibi haujawahi kutiliwa shaka huku kwetu. Anayetiliwa shaka ni baba.

Homoni zinamtetea. Katika jiji la Cebu, Ufilipino, watafiti walipima testosteroni, homoni kuu ya kiume, katika mate ya vijana wa kiume 624 mwaka 2005, wakarudi kuwapima mwaka 2009. Waliokuwa wamepata wenzi na watoto katika kipindi hicho walikuwa wameshuka kwa wastani wa asilimia 26 kwa kipimo cha asubuhi na asilimia 34 kwa kipimo cha jioni, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa na viwango vya chini kuliko wasiomhudumia.

Hapa wanaume huuliza mara moja kama maana yake ni kupungukiwa nguvu za kiume. Sivyo. Waliokuwa na testosteroni nyingi zaidi mwaka 2005 ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa baba kufikia mwaka 2009. Kushuka huko si ugonjwa. Ni mwili kupunguza kasi ya ushindani na kutafuta wenzi ili kutoa nafasi kwa kazi nyingine.

Utafiti ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ulifanyika nchini mwetu na kuchapishwa mwaka 2009. Ulilinganisha Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baba hukaa karibu na watoto wachanga na kuwabeba, na majirani zao wafugaji, Wadatoga, ambao kwa desturi kazi hiyo ni ya wanawake. Baba wa Kihadzabe walikuwa na testosteroni chini ya wanaume wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Kwa maneno mengine, kuitwa baba peke yake hakutoshi kuubadilisha mwili, na ukaribu wenyewe unaonekana kuwa na sehemu kubwa.

Oksitosini, homoni ambayo tumezoea kuihusisha na uchungu wa uzazi na kushuka kwa maziwa, nayo imo kwa baba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 huko Israeli ulikuta viwango vyake kwa baba vinakaribiana na vya mama katika miezi sita ya kwanza, ila kwa mama viliambatana na kubembeleza na kupapasa, na kwa baba viliambatana na michezo ya kumchangamsha mtoto.

Kwa nyanda zetu hili lina uzito, maana baba wengi huondoka: machimboni Chunya, mashamba ya mpunga Usangu, misitu ya mbao Mufindi. Anayetuma fedha analea, na mtoto hali bila fedha hiyo. Lakini akirudi kwa wiki mbili asiishie kumtazama mtoto akiwa mgongoni kwa mama. Anawe mikono, asiwe na mafua wala kikohozi, avue shati, amlaze kifuani wima, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande na pua wazi, kisha amfunike mtoto blanketi mgongoni. Wale wa wodini huanza kwa kukaa wamekakamaa kama waliobeba trei ya mayai, baada ya saa moja muuguzi akija kumchukua mtoto, wengi husema, "Sista, bado kidogo."