Muundo sambamba haupimwi kwa miisho ya maneno

Wengi wanaokuja kwangu hapa Mtwara kujiandaa kwa mitihani ya sarufi ya Kiingereza hufika na kanuni waliyorithishana, kwamba swali la muundo sambamba (parallel structure), yaani la kulinganisha vipande vinavyounganishwa au kuorodheshwa katika sentensi, hujibiwa kwa kuchagua neno lenye mwisho uleule wa maneno yaliyotangulia. Nimeichoka kanuni hiyo, hasa kwa sababu mara nyingine humpatia mtahiniwa alama na hivyo kumfanya aiamini.

Kinachotakiwa kulingana ni aina ya neno, kirai au kishazi, wala si herufi za mwisho. Katika "She spoke slowly, politely and friendly", maneno yote matatu yanaishia na "-ly", ilhali sentensi ina kosa, kwa kuwa mawili ya kwanza ni vielezi na "friendly" ni kivumishi, "warmly" lingefaa. Kinyume chake, "The sea at Mikindani was calm, blue and inviting" haina kosa lolote, maana yote matatu ni vivumishi, lakini bado wapo wanaokata "inviting" wakidai kwamba "-ing" imejiingiza. Ndiyo maana nawasisitizia, hata wakiniona msumbufu, waanze kwa kupiga mstari chini ya kiunganishi, wataje aina ya kilicho kulia kwake, kisha warudi kushoto kutafuta kinacholingana nacho, yote hayo kabla ya kutazama majibu.

Si kweli pia kwamba usambamba unahusu orodha za vitu vitatu tu. Katika "He not only sells cashew nuts but also fish", "not only" inafuatwa na kitenzi na "but also" inafuatwa na nomino; sahihi ni "He sells not only cashew nuts but also fish". Ulinganisho nao umo: "Prices in Masasi are lower than Lindi" inalinganisha bei na mji, hivyo huandikwa "than in Lindi".

Kurudia kihusishi si kosa. "To Lindi, Masasi and Newala" ni sahihi, na "to Lindi, to Masasi and to Newala" ni sahihi vilevile. Kisichokubalika ni "to Lindi, Masasi and to Newala".

Ama wale wanaoshikilia kwamba jibu refu ndilo sahihi, wajue kuwa katika TOEFL ITP ya Kiwango cha Kwanza, mtihani wa kupima Kiingereza cha wasio wazawa wa lugha hiyo, maswali 25 kati ya 40 ya sarufi hayana majibu ya kupimwa urefu: sehemu nne za sentensi hupigiwa mstari, na mtahiniwa hutakiwa kuchagua yenye kosa.