Chupa ya soda si ya kutilia dawa ya wadudu

Msimu wa mboga ukishika kandokando ya Mto Sabaki, malalamiko hutufikia ofisini Malindi: nyanya zina madoa meupe kwenye kikonyo, mchicha wanuka dawa. Tukifuatilia shambani, mara nyingi tunaishia kwenye chupa ya soda ya nusu lita, ndani mna maji meupe kama tui, lebo hakuna. Mtoto atokaye madrasa na kiu hataulizia lebo.

Mkulima akiulizwa ni dawa gani, hujibu, "Ya viwavi." Akiulizwa asubiri siku ngapi ndipo avune, hana jibu, wala hawezi kuwa nalo, kwa kuwa siku hizo zimeandikwa kwenye lebo iliyobaki dukani. Dawa moja hutaka siku 3, nyingine 14. Kuosha nyanya kwa maji ya mfereji hakupunguzi siku hizo, na dawa inayonywewa na mmea haioshiki. Tumelieleza hili kila baraza, na bado tunaulizwa, "Mbona twazikosha?"

Dawa halali huwa na namba ya usajili inayoanza na PCPB(CR), yaani ya bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu, jina la kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na mkanda wa rangi. Mwekundu ndiyo sumu kali zaidi, kisha manjano, buluu na kijani. Kijani si ruhusa ya kukoroga kwa mkono mtupu. Kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sura 346 ya Sheria za Kenya.

Chupa ikiisha, tia maji hadi robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya bomba la kupulizia. Fanya hivyo mara 3, kisha itoboe. Maji hayo yapulizwe shambani. Bomba lisioshewe mtoni, maana wenzenu wa chini wanateka Sabaki hiyo hiyo. Pulizeni alfajiri, kabla ya upepo kushika.

Aliyepuliza akitokwa na jasho na mate mengi, mboni za macho zikawa kama ncha ya sindano, msimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu. Wala msimtapishe. Mvueni nguo huku mmevaa glavu, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa ya dawa. Daktari husoma kiambato kwenye lebo ndipo ajue anapambana na nini. Mkimpelekea chupa ya soda, naye atabaki kukisia, na mgonjwa yuko kitandani.