Taa ya mimea si lazima iwe zambarau, na mengine tunayodanganyana kuhusu LED za kuunga nyumbani

Kila mgeni akiingia kwangu swali la kwanza ni hilohilo, mbona taa za mimea yako nyeupe, sio zile za zambarau? Naishi ghorofani Dar, dirisha langu linatazamana na ukuta wa jengo la jirani, jua halifiki kabisa, kwa hiyo dhania, mnanaa, saladi na miche ya hoho vyote vinaishi kwenye shelfu chini ya LED nilizounga mwenyewe. Na nimeona watu wanapoteza hela, wengine wananusurika kufa, kwa mambo ambayo kila mtu anayarudia na hayako sawa.

Hili la zambarau ndio kubwa kuliko yote. Watu wanakwambia mmea unatumia mwanga mwekundu na bluu tu (ndio hizo zikichanganyika unaona zambarau), kijani unakirudisha, si ndio maana jani ni la kijani. Sasa ile grafu wanayoonyesha ni ya klorofili iliyokamuliwa ikawekwa kwenye chupa ya maabara, sio ya jani zima lililo hai. Mwaka 1972 mwanasayansi McCree alichapisha vipimo vya majani ya aina 22 za mazao na ikaonekana mwanga wa kijani nao unafanya kazi, unazidiwa na mwekundu lakini upo, na jani linafyonza sehemu kubwa ya kijani kinacholipiga. Tena kijani kinazama ndani ya jani, kinafika kule ambako mwekundu na bluu vimeshaishia juujuu. Taa nyeupe ya LED ukiichunguza ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano, kwa hiyo bluu ipo, kijani kipo, mwekundu upo, mmea unapata vyote. Na wewe unaliona jani lako kwa rangi yake! Chini ya zambarau wadudu mafuta huwaoni, jani linaloanza kugeuka njano hulioni, unakuja kushtuka mambo yameshaharibika. Ukitaka kuongezea chipu chache nyekundu za nanomita 660 ongeza, zinasaidia, ila msingi uwe mweupe. Na habari ya 6500K (nyeupe ya kibluu, wanaiita ya baridi) au 3000K (nyeupe ya kinjano) usiumize kichwa, zote zinakuza, ile ya baridi inafanya tu miche iwe mifupi kidogo.

Namba za kwenye boksi nazo ni tatizo. Jirani aliniletea taa imeandikwa wati 1000, nikaichomeka kwenye kile kipima umeme cha plagi ikasoma 96. Wanachofanya wengi ni kujumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila chipu, wakati draiva, yaani kile kifaa kinachozipa chipu umeme, inazipa umeme kidogo sana. Kwa hiyo wati unayotakiwa kuijua ni ile inayotoka ukutani, basi. Lumeni nazo zinapima jicho la binadamu linavyoona, mmea unahesabu chembe za mwanga, mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kipimo chenyewe ni ghali, lakini kama taa yako ni nyeupe weka app ya lux kwenye simu, laza simu usawa wa majani, gawa kwa 70 hivi, unapata makisio yanayotosha kufanyia kazi. Lux 14,000 ni kama mikromoli 200, hiyo kwa masaa 14 inakupa moli 10 kwa siku, dhania na saladi zinakwenda vizuri hapo. Usiliamini jicho jamani, jicho linajirekebisha lenyewe, chumba unachokiona kina mwanga mzuri tu kwa mmea ni giza.

Halafu kuna wanaosema ukitaka mwanga mwingi sukuma umeme mwingi kwenye chipu. Hapa ndio ningependa watu wote wanielewe, maana ufanisi wa taa ya kuunga uko hapa. Chipu ya LED ukiipa nusu ya umeme wake inakupa zaidi ya nusu ya mwanga wake, kwa hiyo chipu nyingi zinazofanya kazi kwa utulivu zinashinda chipu chache zinazokimbizwa, umeme ni uleule ila mwanga mwingi zaidi na joto kidogo. Ukifungua balbu nyingi za bei rahisi, pembeni ya ile IC ya draiva (kile kidude cheusi chenye miguu) utakuta rizista mbili ndogo kama punje za mchele zimelala sambamba, hizo ndio zinaamua umeme unaopita, ukitoa moja kwa solda umeme unashuka, mwanga unapungua lakini sio kwa kiasi kilekile, na balbu iliyokuwa ikichoma mkono sasa unaishika, inaishi muda mrefu sana. Balbu ichomolewe kabisa kwanza, na kapasita iishe chaji kabla hujagusa kitu, halafu kava lirudi mahali pake.

Nasisitiza kava kwa sababu kuna mtindo wa kulitoa eti mwanga uongezeke. Unaongezeka kidogo, kweli. Lakini balbu hizi nyingi hazina transfoma ya kutenganisha, ile sahani ya chipu iko moja kwa moja kwenye volti 230, na wewe unakuja na chupa ya kunyunyizia maji! Zile sahani za COB (chipu nyingi zimebanwa kwenye sahani moja) za wati 50 zinazoungwa straight kwenye umeme wa ukutani bila draiva ya pembeni ndio mbaya zaidi, niliwahi kuunga moja kwenye hiti sinki, yaani chuma cha kupoza, bila ethi, ikanirusha mkono mpaka ukafa ganzi nusu saa. Siku hizi natumia moduli za volti ndogo na draiva yenye kutenganisha, chuma chote kina ethi. Na draiva iwe ya kushikilia ampea, sio volti tu, maana LED ikipata joto volti yake inashuka, ampea zinapanda, joto linazidi, inaungua. Mkanda wa volti 12 wenyewe una rizista zake ndani kwa hiyo hauungui hivyo, ila karibu robo ya umeme inaishia kuwa joto kwenye hizo rizista.

Anayesema LED haitoi joto hajashika mgongo wake. Mbele ni baridi, nyuma ndio kwenye moto. Hiti sinki ya kompyuta mbovu inatosha kabisa, paka ile dawa nyeupe ya mafundi kompyuta, nyembamba, ya kuziba vinyweleo vya chuma tu, ukirundika unazuia joto badala ya kulipitisha. Bonyeza kidole kwenye hiti sinki, ethi ikiwa imeshafungwa, kikishindwa kukaa sekunde tano punguza umeme au ongeza chuma.

Na kuwasha masaa 24 ili ikue haraka, hapana. Nyanya hasa, ukiinyima giza majani yanapauka na kuungua. Mimi taima inawasha saa 11 alfajiri na kuzima saa 1 jioni, wati 30 kwa masaa 14 ni kama yuniti 12 na nusu kwa mwezi, kwa hiyo kama uko kwenye tarifu ya TANESCO ya bei nafuu, ile ya matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu yako kabla hujaongeza shelfu ya pili.